Jinsi ya kumwona konokono wa rangi wa baharini ukitokea Kisumu

Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria hana mazoea ya kuulizia maji yatapwa saa ngapi. Ziwa letu halipwi wala halijai kwa namna ya kuonekana. Ukienda Dunga alfajiri na ukirudi jioni, utakuta mashua zimefungwa palepale, maji yakizigusa palepale. Ndiyo sababu safari yangu ya kwanza Pwani na wanafunzi wanane wa klabu ya sayansi iliharibika. Tulifika Diani siku ya nane ya mwezi mwandamo, tukakaa siku tatu, na mwamba haukujitokeza inavyotakiwa hata mara moja. Siku ya mwisho mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa ameketi mchangani akifunga dema lake, alituangalia kwa huruma akaniuliza, “Mwalimu, nani aliyewaambia mje na maji mafu?”

Sikujua hata maana ya maneno hayo. Mzee alinifundisha palepale, na tangu hapo sijakosa kumwona mnyama ninayemfuata, konokono mdogo wa baharini mwenye rangi kali. Naandika haya ili mtu mwingine wa huku kwetu, awe mwalimu, mzazi au kijana apendaye viumbe, asitupe nauli yake kama tulivyotupa yetu.

Hatua ya 1: Mjue kabla ya kumtafuta

Jenasi yenyewe, yaani kundi la spishi za karibu anamoingia mnyama huyu, inaitwa Chromodoris. Jina hilo walilitoa Joshua Alder na Albany Hancock wa Uingereza mwaka 1855. Mimi na wanafunzi tunamwita konokono wa rangi, na ndivyo nitakavyomwita hapa.

Ni jamaa wa konokono, ila akiwa mtu mzima hana ganda. Akiwa kiluwiluwi anayeelea baharini huwa na kiganda kidogo, kisha hukiacha anapotua chini na kuanza maisha ya kutambaa. Wengi wana urefu wa sentimita 3 hadi 6, yaani kama kidole chako au pungufu. Mgongo umefunikwa na joho laini lenye ukingo wa rangi yake. Mbele kuna pembe mbili fupi zenye mikunjo mingi myembamba, na hizo ndizo pua zake. Nyuma kuna matamvua yaliyosimama kama kishada cha manyoya, yakiwa yamezunguka tundu lake la haja. Akihisi maji yametikisika ghafla, huvuta pembe na matamvua ndani ya mwili, ukabaki unatazama kitu kama kipande cha peremende kilichoanguka mwambani. Kwa hiyo mkaribie polepole.

Rangi alizovaa yeye mwenyewe hazioni. Macho yake ni vidoti viwili vilivyozama chini ya ngozi, na kazi yake ni kutofautisha mwanga na giza tu. Rangi ni onyo kwa samaki: mimi sumu. Na sumu hiyo sehemu kubwa hupatikana mezani kwake. Konokono huyu hula sifongo, yaani wanyama wa baharini walioganda mwambani wasiotembea, na baadhi ya sifongo zina kemikali iitwayo latrunkulini, ambayo huzuia kuundwa kwa nyuzi zinazoipa seli umbo lake na kuiwezesha kusogea. Maabara za baiolojia huinunua kemikali hiyohiyo kwa ajili ya uchunguzi wa seli. Konokono wa rangi huila pamoja na sifongo bila kudhurika, akaihifadhi katika vitezi vilivyopangwa kwenye ukingo wa joho, pale samaki atakapouma kwanza. Samaki akionja, hutema.

Katika hayo yote, litakalokusaidia zaidi ukiwa mwambani ni hili la chakula. Usimtafute konokono, tafuta sifongo. Mwanafunzi anayepita akiangaza macho huku na huku kutafuta kitu chenye rangi hurudi mikono mitupu, kwa sababu mwamba mzima una rangi. Anayekaa mbele ya sifongo moja akaichunguza ukingo kwa ukingo ndiye anayeita wenzake.

Kabla sijaendelea, kuna historia ambayo huwasimulia wanafunzi ndani ya basi. Charles Eliot alikuwa Kamishna wa himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne iliyopita. Reli ilipofika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, mwezi Desemba 1901, sehemu hii bado ilihesabiwa Uganda. Mwaka uliofuata ikahamishwa, ikawa chini yake. Huku kwetu, na zaidi kwa watu wa Nakuru na Naivasha, jina lake linakumbusha sera ya kuwagawia walowezi ardhi ya Bonde la Ufa, na mwaka 1904 alijiuzulu katika mzozo uliohusu ardhi hiyo. Mtu huyohuyo alikuwa bingwa wa konokono wa baharini wasio na ganda. Aliandika mfululizo wa makala kuhusu wale wa Afrika Mashariki na Zanzibar, na mwaka uleule wa 1904 akampa mmoja wao jina la Chromodoris africana. Alichowafanyia wenye ardhi siwezi kukisamehe kwa niaba yao. Lakini nikimfundisha mtoto wa Kisumu jina la mnyama huyu, namfundisha pia lilikotoka.

Hatua ya 2: Zoeza macho nyumbani

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, nami naiona kuwa kubwa kuliko zote. Jicho halijifunzi kuona kitu kidogo siku ileile lililopelekwa baharini.

Subiri mvua. Ikishanyesha jioni, toka saa tatu usiku na tochi hadi kwenye tuta la sukuma wiki. Konokono wasio na ganda wa bustanini ni jamaa wa mbali wa yule tunayemfuata, na tabia ya kuwatafuta ni ileile: anza na jani lililoliwa, ufuate ute unaong'aa, ugeuze jani uangalie upande wa chini. Weka saa. Mara ya kwanza wanafunzi wangu walipata watatu kwa nusu saa. Baada ya wiki mbili, mtoto wa kidato cha pili alihesabu kumi na saba kwenye tuta lilelile. Konokono hawakuwa wameongezeka kiasi hicho. Ni macho yaliyokuwa yamefunguka. Tazama pembe zinavyorudi ndani unapopuliza. Usiwamwagie chumvi. Najua wengi tulikua tukiona ikifanywa, lakini ni kifo cha mateso na hakikufundishi chochote.

Usiende kufanya zoezi hili ziwani. Baadhi ya konokono wadogo wa kwenye matete na mitaro ya huku hubeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo huingia mwilini kupitia ngozi iliyo majini. Wanafunzi wakitaka kuwaona konokono wa ziwa, wawaangalie wakiwa nchi kavu bila kukanyaga maji.

Zoezi la pili ni la simu. Nunua mfuko wa plastiki usiopitisha maji, ule wa kuning'iniza shingoni. Kwanza utie karatasi ya shashi, uufunge, uuzamishe kwenye ndoo usiku kucha. Shashi ikiamka kavu, mfuko unafaa. Kisha jaza besheni maji, tupa punje moja ya maharagwe ya rosekoko chini, uzamishe simu na ujaribu kuipiga picha mpaka madoadoa ya punje yaonekane wazi. Utagundua mambo mawili mapema. Kioo cha simu hakisikii kidole kikiwa chini ya maji, kwa hiyo lazima ufungue kamera ukiwa juu na upige kwa kitufe cha sauti. La pili, ukisogea karibu kuliko kiasi cha kiganja kimoja, simu nyingi hushindwa kuona sawasawa. Afadhali upige kwa mbali kidogo kisha uikuze picha baadaye.

Hatua ya 3: Panga safari kwa mwezi, si kwa likizo pekee

Haya ndiyo aliyonifundisha yule mzee. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa pamoja. Maji hujaa sana na kupwa sana, na hayo huitwa maji ya bamvua. Pwani ya Kenya tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati huo hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, nguvu hizo zinapingana, bahari husogea kidogo tu, na hayo ndiyo maji mafu. Siku ya nane ya mwezi, siku tuliyofika sisi, iko katikati kabisa ya maji mafu.

Siku nzuri ni ile ya mwezi kuandama au kuwa mpevu na siku mbili tatu zinazofuata. Kwa bahati njema, pwani yetu maji ya bamvua hupwa kabisa karibu saa nne hadi saa tano asubuhi, mchana kweupe, na kila siku inayofuata huchelewa kwa dakika 50 hivi. Wala huhitaji kwenda Mombasa kujua hayo. Mwezi unaouona ukichomoza juu ya vilima vya Nandi ndio huohuo unaoivuta bahari ya Watamu. Hesabu kutoka uani kwako, kisha uthibitishe saa kamili kwenye jedwali la maji la mwezi huo kwenye intaneti. Fika siku moja kabla, maana baada ya zaidi ya kilomita 800 za barabara na reli mtu hawezi kuamka akaingia baharini akiwa na akili timamu.

Kisha angalia upepo. Wakati wa kusi, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba hivi, bahari huchafuka na maji huwa na ukungu. Likizo ya Agosti, ambayo ndiyo shule nyingi hupenda, huangukia humo. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, maji hutulia na kuwa maangavu. Kwa shule zetu, mwanzoni mwa Desemba ndipo mahali pake, kabla nauli hazijapanda kwa ajili ya Krismasi.

Hatua ya 4: Safari na ruhusa

Basi la usiku Kisumu hadi Nairobi, kisha treni ya SGR ya asubuhi hadi Mombasa. Weka nafasi ya saa mbili nzima kati ya kushuka basi na kuingia stesheni, kwa kuwa foleni ya magari na ukaguzi wa mizigo vyote huchelewesha. Usibebe kisu hata cha kumenyea matunda.

Ukienda kaskazini, hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zimekuwapo tangu 1968 na kuna mwamba unaofikika kwa miguu maji yakipwa. Ukienda kusini, vuka Likoni hadi Diani, au endelea mpaka Shimoni kwa ajili ya Kisite. Ndani ya hifadhi kuna kiingilio cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali. Lipia kabla hujafika, kwani mtandao getini si wa kutegemewa. Kuchukua kiumbe au kombe lolote humo ni kosa.

Nje ya hifadhi, nenda moja kwa moja kwenye ofisi ya BMU, yaani kamati ya kusimamia ufuo huo. Ni utaratibu uleule tulio nao kwenye fuo za ziwa, kwa hiyo mtu wa Dunga hatakuwa mgeni. Salimu vizuri, eleza unachotafuta, omba mtu wa kuwaongoza na mpatane malipo kabla ya kuingia majini. Mimi siingii mwambani bila mwenyeji. Anajua njia ya kurudi, anajua maji yanaanza kuzunguka wapi kwanza, na mara nyingi ameshawaona konokono hawa miaka mingi bila mtu kumuuliza.

Vifaa si vingi. Raba kuukuu za kufunga kamba, kwa sababu kandambili hubaki kwenye tope na mwamba hukata. Shati la mikono mirefu na kofia. Miwani ya kupigia mbizi na mrija wake, ambavyo unaweza kukodi hapohapo ufuoni. Rula ya plastiki, daftari, penseli. Kalamu ya wino huyeyuka. Maji ya kunywa.

Hatua ya 5: Ukiwa mwambani

Anza kutembea saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa, mkiyafuata yanavyorudi nyuma. Nusu saa baada ya kupwa kabisa, geukeni mrudi, hata kama mmepata kitu kizuri sasa hivi. Maji yanayojaa hayaji yakikutazama usoni. Hujaza kwanza mikondo iliyo nyuma yako.

Kanyaga mchanga au mwamba mtupu. Matumbawe hai usiyakanyage kamwe. Usitie mkono kwenye tundu usiloona ndani yake. Wanyama wa mviringo wenye miiba mirefu myeusi wako kila mahali, na mwiba ukikatikia mguuni safari imekwisha. Kombe lenye umbo la pia, lenye michoro mizuri kama ya kitambaa, usiliokote, maana aliye ndani yake anaweza kuchoma kwa sumu, na baadhi yao wameua watu. Waonyeshe wanafunzi picha yake kabla ya kuondoka Kisumu, si mkiwa majini.

Sasa tafuta kivuli. Sifongo hupenda kuta zilizojificha, chini ya kingo za mwamba, ndani ya nyufa ambako maji hupita daima na jua halifiki. Utaitambua kwa kuwa imeganda mwambani kama unga uliomwagika ukakauka, au imevimba kama mkate, na ina vitundu vinavyoonekana wazi. Hairudi ndani ukiikaribia. Iko ya kijivu, ya njano, ya buluu, nyeusi, nyekundu. Ukiipata, kaa chini. Dakika kumi kwa sifongo moja si nyingi. Angalia ukingoni, mahali inapokutana na mwamba, na utafute sehemu iliyokwaruzwa ikaonyesha rangi nyepesi ndani. Hapo konokono ameshapita akila.

Dalili nyingine ni mayai. Konokono wa rangi huyataga katika utepe mwembamba uliojikunja mzunguko juu ya mzunguko, umesimama kwa ubavu, kama ganda la limau ulilolimenya bila kulikata. Kila mmoja wao ni dume na jike kwa pamoja, na wakikutana hulinganisha mbavu za kulia, kwa kuwa huko ndiko viungo vya uzazi viliko; baadaye wote wawili huweza kutaga. Ukiona utepe, mzazi anaweza kuwa karibu. Usiuguse.

Jiwe unaweza kuligeuza, kwa mikono miwili na polepole, kisha ulirudishe vilevile lilivyokuwa, upande wa chini chini. Sifongo iliyoachwa juani hufa. Nimewahi kuona ufuo mzima wa mawe yaliyogeuzwa na kuachwa hivyo, na harufu yake sijaisahau.

Wa kwanza wangu wa jenasi hii nilimpata nje kidogo ya mwamba, kwenye maji ya kina cha kifua, nikiwa nimelala juu ya maji na miwani. Mwenyeji wetu alinigusa bega akanyoosha kidole kwenye ufa. Nilichoona kwanza kilikuwa mstari wa rangi ya chungwa, mwembamba kama uzi wa kushonea. Nikasubiri mchanga utulie. Mstari ukawa ukingo, ukingo ukazunguka mgongo mweusi tititi wenye mistari myeupe iliyokwenda kwa urefu, na mwishoni pakafunguka kishada cha matamvua ya rangi ya chungwa, kikicheza na mkondo wa maji kama moto wa mshumaa usioungua. Alikuwa mrefu kama kidole changu kidogo. Ukingo wa joho ulipanda na kushuka kila alipojivuta mbele, na alikuwa ameinamisha kichwa ndani ya sifongo ya kijivu, akila. Nilimtazama mpaka baridi ikanitoa majini. Wanafunzi walimwona mmoja mmoja, kwa zamu, na wala hakuna aliyesukumana.

Niseme wazi jambo moja ili usije ukavunjika moyo. Kwenye vidimbwi vya kutembelea kwa miguu utakutana zaidi na jamaa zake kuliko yeye mwenyewe. Chromodoris halisi hupatikana zaidi pale maji yasipokauka, kwa hiyo anayejua kuelea na miwani ana nafasi kubwa kuliko anayetembea tu. Kabla ya safari, wafundishe wanafunzi kuogelea kwenye bwawa la kuogelea lenye mwokoaji.

Hatua ya 6: Picha inayosaidia kumtambua

Picha nzuri ya ukutani na picha ya kumtambulisha mnyama si kitu kimoja. Unahitaji tatu: ya juu, inayoonyesha mgongo mzima na ukingo wote, ya ubavu, inayoonyesha pembe, na moja ya mbali inayoonyesha anakula nini. Weka rula kando yake, siyo juu yake. Usimhamishe kumpeleka mahali penye mwanga. Ukishindwa kutulia kwa mawimbi, piga video ya sekunde ishirini, utachagua fremu nzuri baadaye. Jua likiwa kali, mtu mmoja asimame kumtilia kivuli, la sivyo ukingo wa njano utatoka mweupe na utakosea jina.

Hatua ya 7: Ni yeye, au ni jamaa yake?

Tazama kwanza matamvua. Kama kishada kiko mgongoni kwa nyuma, uko kwenye ukoo sahihi au karibu nao. Kama mgongo una vinundu vigumu kama chunusi na kishada hakuna kabisa, huyo huenda ni Phyllidia au ndugu zake, ambao matamvua yao yamefichwa chini ya joho. Hao wana sumu kali ya kutosha kuwaua samaki waliowekwa nao kwenye ndoo moja. Kama kiumbe ni chembamba kama jani, kinapepea ukingoni na “pembe” zake ni mikunjo tu ya ukingo wa mbele, huyo ni mnyoo bapa. Baadhi ya minyoo hao huvaa rangi zinazofanana kabisa na za konokono hawa, na watu wengi wenye uzoefu wameshachanganyikiwa.

Halafu tazama michoro. Mgongo mweusi wenye mistari myeupe ya urefu na ukingo mpana wa njano au chungwa, kwa pwani yetu mfikirie kwanza Chromodoris africana. Mweupe mwenye madoa ya njano na pete mbili za zambarau, moja ikizunguka pembe na nyingine ikizunguka matamvua, huyo ni Goniobranchus annulatus. Naye pia alipewa jina na Eliot mwaka 1904, na vitabu vya zamani vitamwita Chromodoris annulata. Mwaka 2012 wataalamu Rebecca Johnson na Terrence Gosliner walipanga upya ukoo mzima kwa kutumia vinasaba, na spishi nyingi zilizokuwa zikiitwa Chromodoris zikahamishiwa majina mengine. Zilizobaki nyingi ni zile zenye mistari myeusi. Basi ukikuta majina mawili kwa mnyama mmoja, angalia mwaka wa kitabu.

Jihadhari na picha za intaneti. Ukitafuta “Chromodoris” utaletewa zaidi magnifica, annae na elisabethina, wenye buluu ya kuvutia. Hao ni wa kule Indonesia, Ufilipino na Australia. Quadricolor anayefanana sana na wetu anajulikana zaidi Bahari ya Shamu. Mtoto akisema amemwona annae Diani, mwambie akuonyeshe picha ya ukingo.

Hatua ya 8: Mwache, andika

Safari ya pili mwanafunzi wangu mmoja, kwa mapenzi tu, alimtia konokono mweupe kwenye chupa ya maji ili akamwonyeshe mama yake nyumbani kwao, mtaa wa Kondele, Kisumu. Sikumwona akifanya hivyo. Tulipoketi kula saa nane, chupa ilikuwa na joto kama chai iliyopoa, na mle ndani palikuwa na kitu cheupe kilicholegea na ute. Kijana alilia, nami nililia usiku. Wengi wa konokono hawa huishi takriban mwaka mmoja au pungufu, na yule tulikuwa tumeumaliza wake kwa adhuhuri moja. Hata ukiwa na tangi nyumbani hutaweza kumlisha, kwa sababu anataka sifongo yake maalumu, hai. Tangu siku hiyo hakuna chupa tupu inayoingia mwambani nami.

Kinachorudi Kisumu ni daftari. Andika tarehe, siku ya mwezi mwandamo, saa, jina la ufuo, kina cha maji, rangi ya sifongo, urefu kwa rula, na kama kulikuwa na mayai. Suuza mfuko wa simu, miwani na raba kwa maji baridi usiku huohuo kabla chumvi haijakauka. Ukishafika nyumbani, pakia picha zako zote tatu kwenye iNaturalist, tovuti ya kutambulisha viumbe kwa picha, bila malipo, uweke mahali na tarehe sahihi. Watu wanaowajua konokono hawa huzipitia na kupendekeza jina. Wakati mwingine hukubali ulilotoa, wakati mwingine hukusahihisha, na wakati mwingine hawawezi kukata shauri kwa sababu matamvua hayakuonekana. Zangu mbili za Watamu bado zimeandikwa Goniobranchus peke yake, bila jina la pili. Nimeziacha hivyo mpaka nitakaporudi na bamvua ya Desemba kupiga picha ya ubavu.